Acha Chanda na Pete: Kusoma Mapenzi Yanayokawia

Swali la maudhui ya mapenzi ni swali ambalo wengi hulikimbilia pindi wanapofungua karatasi ya tatu. Linaonekana jepesi. Nani asiyejua mapenzi? Ila kwa miaka ambayo nimeketi na kalamu nyekundu mbele ya rundo la karatasi, nimeona swali hilo likiwaangusha hata wanafunzi wenye lugha nzuri. Hoja ya kwanza huwa, "Wahusika hawa walipendana kama chanda na pete." Hoja ya pili, "Walikuwa na mapenzi ya dhati." Ya tatu, "Hawakutaka kutengana." Hizo si hoja tatu. Ni hoja moja iliyobadilisha shati mara mbili, na mtahini huipa alama ya hoja moja. Tena hiyo tashbihi ya chanda na pete ingefaa kupumzishwa. Pete huvuliwa mtu anaponawa mikono, na wengine huisahau kando ya karai.

Maoni yangu, ambayo si mwongozo rasmi wa kusahihisha, ni haya: mapenzi katika kazi ya fasihi husomwa kwa kutazama wakati. Nani anamsubiri nani? Kwa muda gani? Kusubiri huko kunamgharimu nini? Ukijibu maswali haya matatu kwa vielelezo kutoka kitabuni, utakuwa umeandika jambo ambalo jirani yako hakuliandika. Ndiyo maana ninawapendelea wahusika ambao mapenzi yao yanakawia. Wanafunzi huniambia visa vya namna hiyo havina utamu kwa kuwa "hakuna kinachotendeka". Ninawaambia wasome tena.

Waliokutangulia waliosoma Chozi la Heri wanamkumbuka Mwangeka, aliyempoteza mkewe Lily na mtoto wao katika moto. Mwandishi hakumkimbiza kwa mke mwingine. Apondi anapoingia maishani mwake, naye ni mjane mwenye jeraha lake, na ndoa yao inajengwa juu ya maombolezo ambayo kila mmoja amekwisha kuyapitia. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "Mwangeka alimpenda Apondi" ameruka kipindi cha majonzi, na kipindi hicho ndicho kinachoipa ndoa hiyo uzito. Katika Kidagaa Kimemwozea vilevile, Amani na Imani wanakutana njiani wakiwa wageni, kila mmoja na msiba wake, na urafiki unatangulia mengine yote.

Sasa nikupe kisa cha mfano nilichokitunga kwa ajili ya darasa. Hakimo katika kitabu chochote, kwa hivyo usikinukuu katika mtihani. Nimekitunga kwa makusudi kiwe na mwanariadha na mwanamuziki, kwa sababu hawa wawili wanaishi kwa saa zisizopatana.

Mwanariadha ni msichana wa miaka 22 anayefanya mazoezi Iten, kule juu penye mwinuko wa takriban mita 2,400, ambako hewa ni nyepesi na mapafu hulazimika kujifunza ubahili. Ameanza kulipwa katika mbio za barabarani za ng'ambo. Kijana ni mpiga gita. Anapiga katika vilabu vya Eldoret usiku kucha, nyimbo za watu wengine, huku zake akiziandika katika daftari la hesabu. Hajarekodi hata wimbo mmoja. Anapanda matatu ya kwanza kurudi nyumbani, na saa kumi na moja na nusu alfajiri anashuka karibu na kibanda cha chai kando ya barabara. Msichana naye wakati huo ameketi kwenye benchi ya kibanda hichohicho akifunga kamba za viatu. Siku ya mmoja inaanza pale inapokwishia siku ya mwenzake. Kwa miezi mitano wanachosema ni "Habari ya asubuhi" na "Habari ya usiku", wakitaniana kwamba kila mmoja anakosea salamu.

Mwezi wa sita msichana anakohoa. Kijana anamletea dawa ya kikohozi aliyoinunua kwa pesa za usiku mzima. Msichana anaitazama chupa, hagusi, anasema asante, anaondoka mbio. Kijana anabaki na chupa mkononi na aibu usoni.

Msomaji mwenye haraka atasema msichana ana maringo. Lakini msomaji anayejua dunia ya riadha anafahamu kwamba baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa madukani zina viambato vilivyopigwa marufuku mashindanoni, na kwamba mwanariadha huwajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama alikimeza bila kujua. Chupa ya rafiki inaweza kumfungia miaka. Kijana hajui haya. Hakasiriki hadharani, ila kwa wiki mbili anapitia njia nyingine. Anaporudi kibandani ameshika tangawizi mbichi na swali: "Ni nini unachoruhusiwa?" Hapo ndipo mapenzi yanapoanza katika kisa hiki. Hajasema anampenda. Ameuliza mipaka ya maisha ya mwenzake iko wapi ili asiivuke.

Kisha kuna jambo la saa. Mwanariadha aliyeingizwa katika orodha ya wanaopimwa hutakiwa kutaja, kwa kila siku, mahali atakapopatikana kwa dakika 60 maalum. Wapimaji wakija asiwepo, hiyo inahesabiwa, na makosa matatu ya namna hiyo ndani ya miezi 12 yanaweza kumfungia. Msichana wetu anajua wiki hizi atakuwa wapi kila alfajiri. Kijana hajui kesho atapiga wapi, au kama atalipwa. Siku moja anamwalika aje kumsikiliza Eldoret, onyesho lake la kwanza la nyimbo zake mwenyewe, saa tano usiku. Msichana hawezi. Analala saa tatu. Wimbo unaomhusu unaimbwa mbele ya watu arobaini, na yeye amelala usingizi. Kinaya kama hiki ndicho ninachotaka ukione ukiwa unasoma, kwa sababu kinatokana na hali ya wahusika. Hakikutegemea sadfa wala adui.

Mwaka wa pili ukano wa kisigino unamuuma, na kwa miezi saba hakimbii. Wanafunzi wangu wanapofika hapa hunitazama kwa matumaini. Sasa ana nafasi! Sasa wataambiana! Hapana. Msichana asiyekimbia hana furaha, na kijana ana akili ya kutosha kutoichukua huzuni ile kama mlango uliofunguliwa kwa ajili yake. Anakuja jioni, anapiga gita nje, anaenda zake. Wakati huohuo anapata nafasi ya kurekodi Nairobi, kule River Road ambako wanamuziki wengi wa benga walirekodia, na hana nauli wala ada ya studio. Msichana anazo pesa, za zawadi ya mbio za mwaka uliopita. Anajitolea kumlipia yote. Kijana anakubali nusu tu, tena kwa mkopo. Anauandika katika lile daftari la hesabu, pamoja na tarehe, na anaulipa kidogokidogo kwa miezi kumi na minne. Malipo ya mwisho ni shilingi mia tatu.

Kisa kinakwisha siku hiyo ya malipo ya mwisho, kibandani, saa kumi na moja na nusu. Msichana anapokea shilingi mia tatu, anasema: "Sasa huna sababu ya kuja." Kijana anajibu: "Ndiyo. Sasa ninakuja bila sababu."

Neno "nakupenda" halimo popote. Huwa nawapa wanafunzi swali: "Thibitisha kwamba hiki ni kisa cha mapenzi." Wale wa chanda na pete hukwama. Wale waliozoea kutazama wakati huanza kuandika mara moja, na wengine huona mambo ambayo hata mimi sikuyapanga. Mmoja aliandika kwamba salamu iliyorudiwa ni takriri, lakini maana yake ilibadilika: mwanzoni ilikuwa mzaha wa watu wasiojuana, na baada ya jeraha ikawa njia ya kijana kumkumbusha kwamba asubuhi bado ni yake ingawa hakimbii. Hiyo ni hoja kamili. Ina kauli, ina kielelezo, ina maelezo. Mwingine alisema daftari la hesabu ni jazanda, kwa kuwa nyimbo na deni vimeandikwa humo pamoja. Nilimpa alama zake zote na nikatamani ningekuwa na moja ya ziada.

Utakutana na swali, au angalau na mwanafunzi mwenzako, linalosema kuwa mapenzi ni mbio za masafa marefu. Usilikubali kwa urahisi. Mbio zina mstari wa mwisho na mshindi mmoja. Ukitaka kuazima jazanda kutoka riadha, muangalie sungura, yule mkimbiaji anayekodiwa kuongoza kasi kisha ajitoe kando. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, alizungukwa na masungura 41 waliopokezana, na kwa sababu hiyo mojawapo muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Ukisoma kisa cha wapenzi, uliza: nani ni sungura wa nani? Je, mmoja amewekwa pale amkinge mwenzake upepo, kisha atoweke mwenzake anapofika penye picha? Kuna visa vingi vya namna hiyo, hasa wa kike akiwa ndiye sungura. Lakini kumbuka pia Berlin mwaka 2003. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya 2:04:55, na nyuma yake kwa sekunde moja tu akafika Sammy Korir, ambaye alikuwa amekuja kama sungura. Hakujitoa. Mwandishi mzuri anaweza kumjenga mhusika kama Korir: aliyeanza kama msaidizi na akabaki barabarani kwa miguu yake mwenyewe. Mpiga gita wetu alikataa nusu ya pesa ili asigeuke mtu wa kubebwa, na pia ili msichana asigeuke benki.

Usidhani haya ya mwanariadha na mwimbaji ni mageni katika fasihi ya Kiswahili. Fumo Liyongo, ambaye umemsoma kama mfano wa shujaa wa mighani, alikuwa wote wawili ndani ya mwili mmoja. Wanafunzi humtaja kwa nguvu na upinde wake, wakasahau kwamba alikuwa malenga. Katika utenzi wa Muhammad Kijuma wa mwaka 1913, nguvu zote zile hazikumtoa gerezani. Kilichomtoa ni utungo, aliomwimbia kijakazi Saada ili mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na baadaye kelele za ngoma ya gungu zilizofunika sauti ya minyororo ikikatwa. Mwimbaji alimwokoa mwenye misuli. Na sasa tazama ndoa yake. Wagala waliajabia nguvu zake wakataka mbegu yake, akaozwa kwao, akapata mtoto wa kiume. Ilikuwa ndoa ya haraka, iliyoupenda mwili peke yake. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kumdunga sindano ya shaba kitovuni, naye alishawishiwa kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mfalme. Ndoa mbili za haraka katika kisa kimoja, na zote zinaelekea kaburini. Katika sifa za shujaa, mwanafunzi ataandika "husalitiwa na mtu wa karibu" na kuachia hapo. Ukaribu huo ulipatikanaje? Hilo ndilo swali la alama.

Kuna wenzangu wanaosema mwalimu asijishughulishe mno na mapenzi, kwamba vijana wa kidato cha nne wana mengine ya kuwaza. Siafikiani nao, na sababu yangu haiko kitabuni. Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30:01 huko Herzogenaurach, Ujerumani, rekodi ya dunia katika mbio za wanawake pekee. Alikuwa amekwisha kupata nishani ya shaba ya dunia mara mbili, 2017 na 2019. Mwezi mmoja baada ya rekodi ile, tarehe 13 Oktoba, alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo, naye akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na mtu aliyekuwa mpenzi wake katika Kaunti ya Trans Nzoia, akafariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Wanariadha wenzake Tirop waliunda shirika la Tirop's Angels kwa sababu walijua hali hiyo haikuwa ya mtu mmoja.

Msichana anayeanza kupata pesa kwa miguu yake huzungukwa upesi. Anakuja anayejiita meneja, anayejiita kocha, anayejiita mchumba, na wakati mwingine ni mtu yuleyule mmoja. Anamharakisha. Tufunge ndoa kabla ya msimu, tununue shamba kwa jina langu kwa sababu wewe uko safarini, nipe namba ya siri ya benki nikuwekee mambo sawa. Kila sentensi hapo ina wakati ndani yake, na kila mara ni wakati unaobanwa. Kinyume chake, katika kisa chetu kijana analipa deni kwa miezi kumi na minne. Nilichagua idadi hiyo kwa makusudi. Mtu anayekusudia kukunyang'anya hawezi kuvumilia kulipa shilingi mia tatu mwezi wa kumi na nne.

Wewe utamaliza shule Novemba. Baadhi yenu mtaenda kambini, wengine mtabeba gita au kompyuta yenye programu ya kutengeneza midundo, na wengi mtakuwa na saa za kazi zisizolingana na za yeyote mnayempenda: mlinzi wa usiku na mwalimu wa chekechea, nesi wa zamu na dereva wa lori la Malaba. Sitakuambia umpende nani. Kazi yangu ni kukufundisha kusoma, na msomaji anayegundua kwamba mhusika fulani anaharakishwa ataligundua jambo hilo hata pale ambapo hakuna mwandishi aliyelipangia msuko.

Turudi kwenye karatasi. Uaminifu kwa swali kwanza: likisema "fafanua maudhui ya mapenzi", usihadithie kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Chagua wahusika wawili, kisha upime umbali uliopo kati ya kukutana kwao na kuambiana kwao. Umbali huo umejaa matukio. Kila tukio linakupa hoja, mradi useme lilimgharimu nani. Angalia pia kile ambacho mhusika angeweza kufanya na hakukifanya, kama kijana yule kutotumia majonzi ya mwenzake. Watahiniwa wachache sana hutoa hoja kutokana na jambo ambalo halikutendeka, na ninapokutana nayo huwa naweka kalamu chini nisome vizuri. Maneno kama "mapenzi ya dhati" yatumie baada ya kuthibitisha, si kabla. Na usiogope kusema kwamba mapenzi fulani yana kasoro. Msichana wetu, kwa mfano, hakuwahi kueleza kwa nini aliikataa ile chupa mpaka alipoulizwa. Alimwacha mwenzake na aibu kwa wiki mbili, ilhali sentensi moja ingetosha.

Jipime kwa swali hili kabla hujafunua sura inayofuata, ukitumia kitabu teule chochote ulicho nacho:

"Kukawia ndiko kunakoonyesha pendo." Tetea au upinge kauli hii kwa kurejelea wahusika wawili. (alama 20)

Nimeandika "au upinge" nikimaanisha. Kuna wahusika wanaokawia kwa woga tu, na wapo wengine wanaomchelewesha mwenzao huku wakitafuta aliye bora. Ukimpata mmoja wa namna hiyo kitabuni, anza naye.